Maswali ya wasomaji: Kanga ya kikundi, bendera ukutani na ubeti wenye mizani tisa

Tangu UNESCO ilipotangaza Novemba 2021 kwamba Julai 7 itakuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sanduku letu la barua halipumui kuanzia Mei. Kila kikundi kina sherehe, kila sherehe ina kamati, na kila kamati ina mtu aliyesema "mimi najua" kisha bendera ikapandishwa kichwa chini. Safari hii tumechagua barua zilizotuuliza mambo ya mikono: kushona, kufua, kupima, kuhesabu.

Shikamooni. Sisi ni kikundi cha akina mama 40 hapa Tanga. Tunataka kuchapisha kanga yetu wenyewe, yenye ramani ya Tanzania katikati, picha ya mwenyekiti wetu, na maneno haya: "Kikundi cha akina mama tunajivunia utamaduni wetu na taifa letu Tanzania tangu 2014". Tuanzie wapi? – Katibu, Tanga

Marahaba, mama. Tuanze na maneno, kwa sababu ndiyo yatakayowasumbua.

Kanga ina sehemu tatu. Pindo ni ule mpaka unaozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati. Jina ni maneno yaliyo ndani ya mji, kwenye kisanduku chembamba karibu na pindo la chini, katikati ya upande mrefu. Mliyotuandikia si jina, ni kibao cha ofisi. Jina la kanga husema nusu na nusu nyingine humwachia anayesoma. Isitoshe, hapatoshi. Tuseme mchoraji amewapa nafasi ya sentimita 60. "MCHEZA KWAO HUTUNZWA" ina herufi 18 na nafasi 2, jumla 20, kwa hiyo kila herufi inapata sentimita 3 na aliye ng'ambo ya barabara anaisoma. Sentensi yenu ina nafasi zaidi ya 70. Kila herufi itabaki chini ya sentimita moja, na rangi ikitambaa kidogo tu kwenye uzi, "a" na "o" zitafanana.

Chagueni maneno mawili hadi sita. Methali iliyokwisha kukubalika haina hatari: "Mcheza kwao hutunzwa", "Mwacha mila ni mtumwa", "Wema hauozi". Mkitunga lenu, lisomeni kwa sauti mbele ya mtu asiye mwanakikundi, mumwulize ameelewa nini. Akicheka, ulizeni kwa nini kabla hamjalipa. Halafu kubalianeni tahajia. Wapo wanaoandika "hutuzwa" na wapo wa "hutunzwa". Zote mbili zinasemwa, lakini kamati ikigawanyika baada ya kitambaa kutoka kiwandani, hakuna wa kuamua. Maneno yenye ng' yanahitaji jicho la pekee: kanga huandikwa kwa herufi kubwa, na kile kialama cha juu ndicho cha kwanza kudondoka. "TUNANG'ARA" ikawa "TUNANGARA", mtu asome ngarangara. Nambari ya mwaka na jina la kikundi viwekeni kwa herufi ndogo kwenye kona ya mji.

Sasa picha ya mwenyekiti. Chukueni kanga yoyote ya ndani, mwambieni mmoja wenu ajifunge kiunoni kama kawaida, ncha zikutane mbele, kisha mwangalieni kwa nyuma. Katikati ya mji inakaa wapi? Inakaa pale pale anapokalia. Jina linasomeka vizuri chini yake, na ndiyo maana kanga husomwa na anayekufuata nyuma, lakini uso wa mwenyekiti utakaliwa kwenye mabenchi mchana kutwa. Kama hamna budi kuweka uso, ombeni picha mbili ndogo, moja kila upande, karibu na mapindo mafupi. Hizo huangukia mbele au ubavuni. Ushauri wetu wa kweli ni kuuacha uso kabisa, mkachora kitu cha Tanga: mkonge, chungwa, dau. Ua la mkonge kwenye kona nne linapendeza kuliko sura ya mtu yeyote, mwenyekiti atusamehe.

Ramani haina tatizo. Mkitaka bendera au nembo ya taifa, jueni kwamba Tanzania na Kenya zote zina sheria ya alama za taifa, na kuziweka kwenye bidhaa kunahitaji kibali. Njia nyepesi ni kutumia rangi bila kuchora bendera: pindo la kijani, mstari wa njano, mji wa buluu, jina jeusi juu ya njano. Kila mtu ataelewa. Hizo ni rangi nne, na kiwandani kila rangi ina roli yake ya kuchapia. Ukiongeza ya tano unaongeza gharama, na unaongeza nafasi ya rangi moja kukaa pembeni ya mchoro wake. Mkiletewa sampuli, tazameni hapo kwanza: pale rangi mbili zinapokutana kwenye herufi. Pakiwa na kijimstari cheupe upande mmoja na mpando wa rangi upande wa pili, roli hazijapangwa sawa. Rudisheni.

Idadi: kanga huvaliwa doti, yaani vipande viwili sare, kimoja kiunoni na kimoja mabegani au kichwani. Wanachama 40 ni doti 40, ongezeni 4 au 5 kwa mgeni rasmi na kwa yule ambaye atajiunga wiki ya mwisho. Ila kiwanda hakiwashi mashine kwa doti 45. Ulizeni kiwango cha chini kabla hamjamlipa mchoraji. Kama hamkifikii, unganeni na vikundi vingine mtumie mji mmoja na jina moja, au nunueni kanga iliyokwisha chapwa kwa bei ya jumla. Kwa jumla nguo huhesabiwa kwa korija, yaani 20. Mwulizeni muuzaji waziwazi: korija ya vipande au ya doti? Ugomvi mwingi wa kamati huanzia kwenye swali hilo ambalo halikuulizwa.

Kipande kimoja kina upana wa karibu sentimita 110 na urefu wa karibu 150. Wenye maumbo makubwa watapata shida ya kufunga. Kwao chukueni vipande vitatu badala ya viwili, viwili viunganishwe ubavuni kwa mshono, jina la kipande cha pili lifichwe ndani ya mkunjo.

Kanga mpya zinatoa rangi na kuchanuka nyuzi. Mama mkwe anasema niziloweke kwenye chumvi. Ni kweli? – Msomaji, Kilifi

Mama mkwe usimbishie, lakini chumvi haifungi rangi ya kitambaa kilichokwisha chapwa. Chumvi hufanya kazi ndani ya pipa la kutia rangi, wakati uzi unakunywa. Rangi inayotoka kwenye kanga mpya ni ile iliyobaki juu ya uzi bila kushika, na dawa yake ni kuiondoa yote.

Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, kisugue sehemu nyekundu au nyeusi mara kumi. Kikitoka safi, fua kama kawaida. Kikipata rangi, loweka kila doti peke yake kwenye maji baridi mengi, dakika 10 tu, usiiache usiku kucha. Ikilala ndani ya maji yenye rangi, ile rangi iliyotoka kwenye pindo inahamia kwenye mji, na mji mweupe unakuwa wa waridi. Suuza, badilisha maji, suuza tena hadi maji yawe meupe. Anika kivulini, upande wa nyuma ukitazama nje, na isikunjwe ikiwa mbichi. Kisutu, ile ya nyeupe, nyeusi na nyekundu ya bibi harusi, ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote, maana hiyo nyekundu imekaa ubavuni mwa nyeupe kila mahali.

Usishangae kanga ikilegea baada ya kufuliwa. Ule ugumu wa dukani ni wanga uliotiwa kiwandani. Ikishatoka ndipo unajua pamba ni nzito au nyepesi. Kabla ya kununua, fikicha kona kwa vidole: ukiona unga mweupe unadondoka na kitambaa kinaanza kupitisha mwanga, umeuziwa wanga.

Kuhusu nyuzi: doti huuzwa ikiwa imeungana. Ikate katikati ya nafasi iliyo kati ya mapindo mawili, kwa mkasi. Usichane kwa mkono, kwa sababu mchapo mara nyingi haukufuata uzi sawasawa, na ukichana mpasuko utafuata uzi na kuliingia pindo. Pande ndefu zina ukingo uliofumwa, hazichanuki. Za kupinda ni pande fupi, mbili kwa kila kipande, nne kwa doti. Kunja nusu sentimita, kunja tena nusu sentimita, pitisha cherehani mara moja. Pinda kabla ya kufua mara ya kwanza. Ukifua kwanza utapoteza sentimita moja au zaidi kila upande kwa kuchanuka, na pindo litabaki nyembamba upande mmoja.

Na kwa kuwa umeandika "leso" mahali pengine kwenye barua yako: Mombasa na pwani ya Kenya jina hilo ndilo linalotawala, nalo limetoka kwenye neno la Kireno la kitambaa cha mkono. Karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakaunganisha sita, safu mbili za vitatu vitatu, wakapata vazi. Majina yalikuja baadaye, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Ukiona leso imeandikwa "Mali ya Abdulla", hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa, na ukoo wake bado unauza leso.

Jumuiya yetu hapa Columbus, Ohio ina Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo. Tutatundika bendera zote ukumbini pamoja na ya Marekani. Mwaka jana tuligombana kwa sababu moja ilikuwa imegeuzwa. Tunajuaje? – Kamati ya maandalizi

Ndugu wanakamati, mpeni kazi hii mtu mmoja, naye asimame mbali hatua kumi kabla ya kusema tayari. Bendera ikiwa ukutani, upande wa mlingoti uwe kushoto kwa anayeitazama. Upande wa mlingoti ni ule wenye utepe mzito mweupe na matundu ya kamba. Kisha tazameni hivi.

Tanzania ndiyo inayowakosesha wengi. Kijani kiko juu kushoto, buluu chini kulia, na mshazari mweusi wenye kingo za njano unapanda kutoka kona ya chini ya mlingoti hadi kona ya juu ya mbali. Ukiizungusha nusu mzunguko ukutani, kichwa chini, mshazari unabaki vile vile unavyopanda! Jicho linaridhika, kumbe buluu imekaa juu. Kwa hiyo ukutani msitazame mshazari, tazameni kijani. Kwenye mlingoti wa kamba kosa linakuwa jingine. Ukifunga ncha ya juu chini, utaona mshazari unashuka kutoka mlingotini na kijani kimekaa chini. Kanuni moja inatosha kote: kijani kiguse mlingoti na kiwe juu. Ndiyo bendera iliyopitishwa mwaka 1964 baada ya Muungano, kijani na njano za Tanganyika zikakutana na buluu ya Zanzibar, nyeusi ilikuwa kwa wote wawili. Mzanzibari akija na bendera ya Zanzibar yenye milia ya buluu, nyeusi na kijani, ile ndogo ya Tanzania iliyomo ndani yake iwe juu upande wa mlingoti.

Kenya: nyeusi juu. Ngao ya katikati haitawasaidia, kwani ikipinduliwa inaonekana karibu sawa. Tazameni mikuki, ncha zake zielekee juu. Kama mnashona wenyewe, nyeusi, nyekundu na kijani ni fungu 6 kila moja, na milia myeupe ni fungu 1 kila mmoja, jumla 20. Bendera ya kimo cha sentimita 60 inakuwa 18, 3, 18, 3, 18, na urefu wake 90. Kosa la mafundi ni kuufanya mlia mweupe mnene ili ushoneke vizuri, bendera ikatoka kama blanketi.

Uganda: milia sita, nyeusi, njano, nyekundu, kisha tena. Korongo wa katikati anatazama mlingoti, yaani kushoto ukutani. Akitazama kulia, mmegeuza nyuma mbele. Rwanda: buluu juu, na jua liko kona ya juu ya mbali na mlingoti. Kongo: nyota ya njano iko juu upande wa mlingoti, mshazari mwekundu unapanda kama wa Tanzania. Burundi: nyota tatu, moja juu na mbili chini yake. Zikiwa mbili juu, pindueni.

Mpangilio wa nchi: Marekani ni mwenyeji, bendera yake ikae kushoto kabisa kwa mtazamaji. Zinazofuata zipangwe kwa alfabeti ya lugha moja, na kwa kuwa siku ni ya Kiswahili, tumieni Kiswahili: Burundi, Kenya, Kongo, Rwanda, Tanzania, Uganda. Wekeni orodha hiyo kwenye programu iliyochapwa, ugomvi uishie hapo. Zote ziwe na kimo kimoja na ukubwa mmoja. Bendera za dukani huko Marekani huja futi 3 kwa 5, wakati ya Tanzania na ya Kenya kwa asili ni 2 kwa 3, kwa hiyo zitaonekana zimevutwa kidogo. Bora zote zivutwe sawa kuliko moja kuwa fupi. Msizitundike wima. Ya mshazari ikigeuzwa wima inazua mjadala ambao hamtaumaliza kabla ya pilau kupoa.

Mkilazimika kuteremsha nusu mlingoti kwa msiba, kwanza ipandisheni hadi juu kabisa, itulie, ndipo mshushe. Jioni wakati wa kuitoa, ipandisheni tena hadi juu kabla ya kuishusha.

Nimetunga shairi la kusoma siku ya sherehe shuleni lakini mwalimu kasema "halina mizani". Ubeti wa kwanza ni huu. – Mwanafunzi, Kigoma

*Kiswahili lugha yetu, tuienzi kwa pamoja,*
*Inatuunganisha watu, toka Lamu hadi Unguja,*
*Haibagui mtu, hata mgeni akija,*
*Ni hazina ya utu, siyo ya mtu mmoja.*

Mwalimu ana haki, ila vina umevipata: *tu* katikati, *ja* mwishoni, mishororo minne, hiyo ni tarbia kamili. Mwili upo, unayumba miguu. Mizani ni silabi, na desturi ya tarbia ni 8 kwenye ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 kwenye utao, nusu ya pili. Hesabu kwa vidole.

Mshororo wa kwanza: ki-swa-hi-li-lu-gha-ye-tu, nane. Tu-i-e-nzi-kwa-pa-mo-ja, nane. Safi.

Wa pili: i-na-tu-u-nga-ni-sha-wa-tu, tisa. To-ka-La-mu-ha-di-U-ngu-ja, tisa. Hapo ndipo msomaji anakimbiza ulimi. Sema "Imeunganisha watu": i-me-u-nga-ni-sha-wa-tu, nane. Na "Lamu mpaka Unguja": La-mu-m-pa-ka-U-ngu-ja, nane. Angalia hiyo *m* ya "mpaka", ni mizani nzima peke yake, kama *m* ya "mtu" na *n* ya "nchi". Lakini *mb* ya "mbali" haikatwi, inakwenda pamoja: mba-li, mbili tu. Wanafunzi wengi hupotea hapo.

Wa tatu: ha-i-ba-gu-i-m-tu, saba. Ongeza kiwakilishi cha huyo mtu: "Haimbagui mtu", ha-i-m-ba-gu-i-m-tu, nane (hapa *m* ni kiwakilishi, ndiyo maana inakatwa na *b*), na sarufi imekuwa bora. Utao, ha-ta-m-ge-ni-a-ki-ja, ni nane tayari.

Wa nne: ni-ha-zi-na-ya-u-tu, saba. "Hazina hii ya utu" ni nane. "Siyo ya mtu mmoja": si-yo-ya-m-tu-m-mo-ja, nane.

*Kiswahili lugha yetu, tuienzi kwa pamoja,*
*Imeunganisha watu, Lamu mpaka Unguja,*
*Haimbagui mtu, hata mgeni akija,*
*Hazina hii ya utu, siyo ya mtu mmoja.*

Beti zinazofuata unaweza kubadili vina, lakini ukitaka mshororo wa mwisho uwe kibwagizo, urudie vile vile kila ubeti. Utasoma jukwaani, kwa hiyo usizidishe beti saba. Pia wewe ni wa Kigoma: Lamu na Unguja zimekufaa kwa kina, lakini ubeti wa pili utafute Ujiji. U-ji-ji, mizani tatu, na kina cha *ji* kina maneno mengi: mji, maji, msomaji. Neno "mfanyabiashara" liache, lina mizani saba na litakula karibu ukwapi mzima.

Salaam aleikum. Nina kofia ya Zanzibar aliyoshona marehemu babu, mkono mtupu. Imeingia jasho na imelegea. Hapa Muscat mafundi wanazijua kumma, kofia za Kiomani, lakini naogopa kuiacha dobi. – Msomaji, Muscat

Waaleikum salaam. Kumma na kofia ya viua ni ndugu, na waliorudi Oman kutoka Zanzibar ndio wanaoujua undugu huo vizuri zaidi, kwa hiyo fundi mzee wa hapo usimwogope. Mashine ya kufulia iogope. Viua, vile vitobo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, vikikamuliwa na mashine uzi wake hukatika, na kikifumuka kimoja jirani zake hufuata.

Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kwa nusu saa. Ukingo wa ndani wenye jasho usugue kwa mswaki laini, kwa kuzunguka, bila kwenda mbele na nyuma. Usikamue. Ibonyeze ndani ya taulo. Usitie dawa ya kung'arisha yenye klorini, kwa sababu uzi wa darizi huwa wa manjano kabla ya kitambaa.

Halafu wanga. Vijiko 2 vya chakula vya wanga wa mhogo, koroga na maji baridi kidogo, mimina ndani ya nusu lita ya maji yanayochemka huku ukikoroga hadi yawe maangavu. Yakipoa, chovya kofia, bonyeza, kisha ivishe kwenye faroma, lile gogo la kunyooshea kofia. Ukikosa faroma, tafuta bakuli au sufuria ndogo ambayo mzunguko wake ni sawa na kichwa chako, ipime kwa utepe. Ikizidi hata sentimita moja, kofia itatanuka na haitarudi. Kabla wanga haujakauka, pitisha kijiti cha meno kwenye kila kiua, la sivyo vitaziba na kofia itakuwa nzuri kwa macho na tanuri kwa kichwa. Ianike kivulini penye upepo.

Majibu ya mkato

*Msomaji wa Bagamoyo* anauliza kama anaweza kumpa mama mkwe kanga yoyote nzuri. Rangi yoyote, ndiyo. Jina lolote, hapana. "Nani kama mama" itapokelewa kwa vigelegele. "Japo sipati tamaa sikati" itamfanya aulize umekosa nini. "Hasidi hana sababu" usimpelekee mtu yeyote unayekula naye. Fungua kanga yote dukani usome, usiamini kona iliyokunjwa.

*Msomaji wa Eldoret* anauliza kwa nini wimbo wa taifa wa Tanzania una lahani ileile iliyomo katika wa Afrika Kusini. Lahani ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyeitunga mwaka 1897. Wa Kenya, uliotungwa kwa ajili ya uhuru wa 1963, umechukua lahani ya bembelezo la watoto la Wapokomo wa Mto Tana. Kwenye sherehe zenu imbeni beti mbili zote za ule wa Tanzania: wa kwanza unaiombea Afrika, wa pili Tanzania, na kamati zinazokata baada ya wa kwanza huwa hazijafika kwenye jina la nchi. Anayeanzisha aanze chini kuliko anavyodhani. Ukumbi mzima hauna koo lake.

*Msomaji wa Bujumbura*: kitenge si kanga. Kitenge hakina pindo la pande nne wala jina, hukatwa kwa yadi na kushonwa. Kanga ukiikata kushona gauni, panga jina likae kwenye upindo wa chini wa sketi au mgongoni, maana fundi asiyesoma ataliweka kifuani likiwa nusu.